Naomba ushauri: dozi ya pili ya surua imechelewa

Wazazi wenzangu, hamjambo? Mwanangu ana miaka miwili na nusu, tunaishi Kayole. Alidungwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, lakini ile ya miezi 18 tulipata imeisha kliniki, kisha tukahama. Sasa kwenye ploti kuna mtoto ametokwa na vipele vyenye homa, na virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 mgonjwa akishaondoka.

Shosho yake anasema moja inatosha. Sikubali: dozi ya pili huwakinga wale ambao miili yao haikutengeneza kinga mara ya kwanza, nao si wachache.

Kuna aliyechanjisha mtoto akiwa amechelewa hivi? Walimpokea? Kijitabu cha kliniki ninacho, ingawa kimeloa chai.