Nimenunua haibridi mpya, furaha imegoma kuja. Tupeane uzoefu

Mguu Ndani: Wiki ya tatu sasa tangu nikabidhiwe funguo za haibridi, gari la injini ya petroli na mota ya umeme. Maisha yangu yote magari yamenifikia yakiwa na harufu ya mwenyewe wa kwanza. Hili linanukia plastiki na deni. Mafuta halinywi, linalamba, hilo nakiri. Lakini kila asubuhi nikibonyeza kitufe na kukutana na kimya, moyo unaruka: limewaka au limekufa? La zamani lilinguruma mpaka jirani akajua naelekea kazini. Jana nikampelekea fundi wangu wa miaka mingi alitazame tu. Akafungua boneti, akaona zile nyaya za rangi ya chungwa za umeme mkali, akaishusha polepole kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna anayeoga. "Bosi, hapa tuombeane." Walionitangulia, mlizoeaje?

Kobe wa Lami: Hakuzoeleki. Unasahau tu.

Mama Watatu: Umenitonesha. Langu liliniaibisha kwenye foleni, mvua inapiga, watoto watatu nyuma, mmoja anataka kukojoa. Mimi nimeendesha gari la gia za mkono miaka kumi na moja. Mkono huu ukiona foleni unaweka N, gia huru, wenyewe, hauniulizi. Basi nikaweka N. Kiyoyozi mpaka mwisho kwa sababu ya ukungu kwenye vioo, taa zote, redio ya watoto. Injini imenyamaza nami najisifu, leo petroli ni bure. Kumbe ukiwa N ile betri kubwa ya mota haichajiwi, inatoa tu. Nikitupia jicho kile kimchoro cha betri, kimebaki kijiti kimoja. Kisha dashibodi ikawaka mataa ambayo hata kwenye kitabu cha gari sikuyafikia, na gari likagoma. Nyuma ni honi. Mwanamume mmoja akashuka kwenye gari lake, nikamshukuru Mungu, kumbe kaja kunishauri, "Dada, ongeza oili." Akaenda zake. Yule aliyekuwa anataka kukojoa, wakati huo alikuwa hataki tena. Tulivutwa. Kijana wa gereji akachomeka kompyuta, akaniuliza swali moja tu: "Ulikuwa kwenye N?" Nilitaka kukana.

Dereva Mstaafu: Pole mama. Lakini kitabu cha gari huwa kinaandikwa kisomwe.

Mama Watatu: Ahsante mzee, wewe ulikisoma ukurasa wa ngapi ukaachia?

Fundi Makoleo: Msigombane. Kwenye foleni kaa D, gia ya kwenda, ukanyage breki, au weka P, ya kuegesha, ukiona watu wameshashuka kununua vitu. Hapo betri ikishuka injini inajiwasha yenyewe na kuichaji. Halafu tuache kutishana na betri kubwa. Inayolaza watu ni ile ndogo ya volti 12. Haibridi nyingi hazina stata (ya kuwashia injini) wala altaneta (ya kuchaji) za kawaida, lakini hiyo ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kuunganisha ile kubwa. Ikifa, una umeme wa zaidi ya volti mia mbili chini ya kiti na gari haliwaki. Usiliache limelala wiki nzima. Liamshe, liache kwenye READY, yaani limewaka tayari kwenda, angalau nusu saa.

Bibi Hesabu: Mimi nimeambiwa likae tu, ukiliwashawasha ndiyo unaiua.

Fundi Makoleo: Ukiliwasha dakika mbili ukazima, ndiyo, unaiua. Nimesema nusu saa.

Shemeji Hapokei Simu: Nyinyi mnaongelea betri. Langu lilinifuata kwa miguu. Nilikwenda usiku kumwonyesha shemeji gari jipya. Lango limefungwa, nikashuka kulifungua. Gari kimya, kwa hiyo akili ikaniambia limezima. Lilikuwa D. Kuna kitu kililia pii pii, nikadhani ni mambo ya mlango, nikaufunga. Nasukuma lango, nimelipa gari mgongo, lenyewe linakuja taratibu nyuma yangu kama mbuzi aliyezoea mtu. Nimekuja kushtuka bampa imenigusa nyuma ya magoti! Nikaruka pembeni. Likapita, wallahi kwa adabu, likasukuma vyungu sita vya maua, likaenda kuegemea ukuta wa sebule chini ya dirisha. Shemeji akafunua pazia akakuta mataa mawili yanamtazama.

Mama Watatu: 😂😂😂 Nimesahau yangu yote.

Kobe wa Lami: Alisemaje?

Mjuzi wa Nyaya: Uongo. Gari la kisasa ukifungua mlango linajiweka P.

Shemeji Hapokei Simu: La kwenu. La kwangu linalia tu. Njoo uhesabu vyungu.

Dereva Mstaafu: Ndiyo maana Ulaya wameyalazimisha ya haibridi na ya umeme kutoa sauti yakienda polepole. Aina mpya tangu 2019, na kila jipya la namna hiyo tangu 2021.

Shemeji Hapokei Simu: Sauti lilitoa mzee. Ile ya vyungu.

Bibi Hesabu: Turudi kwenye mada. Mwenye uzi, safari zako ni za mjini au za masafa? Mjini ndiko linakolipa, kwa sababu kila ukipunguza mwendo mota inarudisha umeme kwenye betri, na breki pedi zinakaa mpaka unazisahau. Mimi ni mtu wa barabara kuu, nasukuma mwendo mmoja kwa muda wa saa tano. Nimefanya hesabu mara tatu na bado sioni lile ongezeko la bei nilililipia nini.

Mjuzi wa Nyaya: Haibridi ni gari lisilojua linataka nini. Nunua la umeme au baki na petroli.

Dereva Mstaafu: Mhandisi Ferdinand Porsche alitengeneza la mchanganyiko 1900, Prius ya Toyota ikaanza kuuzwa Japani Desemba 1997. Limekuwa halijui linataka nini kwa muda mrefu sana, kijana.

Kobe wa Lami: Shemeji alisemaje lakini?

Fundi Makoleo: Mwenye uzi, jambo moja. Mengi yana tundu la hewa ya kupoza betri kando ya kiti cha nyuma, na chujio ndani yake. Likizibwa, betri inapata joto na umri wake unapungua. Katazame.

Mguu Ndani: Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Tundu lipo. Tangu siku ya kwanza nimeliwekea mto na blanketi la mama, kiti kisichafuke.

Fundi Makoleo: Toa.

Mguu Ndani: Nimeshatoa. Sasa naliona limewaka taa, sijui nimeliacha READY au limejiwasha lenyewe.

Shemeji Hapokei Simu: Usisimame mbele yake.