Gumzo la ukoo: kipepeo wa mndimu, kabla ya Jumamosi

ALHAMISI

Da Zaina 06:41
Asalaam alaykum ndugu zangu na wanangu. Baba Hamza kaniambia jana usiku kwamba Jumamosi anapiga dawa kitalu chote na mndimu wa Baba humohumo. Naomba asipige mpaka tujue hao viwavi ni wa kipepeo gani. Nani yuko nyumbani Muheza asubuhi hii apige picha? Picha za maana, sio zile za kutetemeka

Da Zaina 06:58
Naona mmesoma watu tisa

Da Zaina 07:20
Tisa na hakuna hata aliyeitikia salamu

Hamza 07:26
Waalaykum salaam shangazi nipo, natoka saa mbili
[picha]
[picha]

Da Zaina 07:27
Hii ya kwanza ni nini? Mbona kama kinyesi cha ndege

Hamza 07:31
Ndo kiwavi mwenyewe shangazi 😂 akiwa mdogo yuko hivyo, mweusi na baka jeupe katikati, ndege akimwona anampita. Nimemgusa na kijiti ndo nikaona anatembea. Huyo wa pili ni mkubwa kashageuka kijani, nilivyomgusa akatoa vipembe viwili laini nyuma ya kichwa kama ulimi wa nyoka, harufu yake sasa, chungwa lililooza kabisa

Baba Salum 07:33
Jamani tuko mezani na vitumbua mnatuletea kinyesi cha ndege saa moja asubuhi 😭

Da Zaina 07:34
Salum weka kitumbua chini hili ni jambo la maana

Baba Hamza 08:12
Dada shikamoo. Kiwavi ni kiwavi. Nina miche 140 ya michungwa, 30 imebaki vijiti na mteja wa Korogwe anakuja mwisho wa mwezi. Bomba la dawa nimeshaazima kwa jirani. Jina la kipepeo halinirudishii majani

Da Zaina 08:30
Marahaba mdogo wangu. Hujanielewa, mimi sikukatazi kuokoa miche yako, najua hiyo ndo ada ya watoto. Nachosema kipepeo huyu hatagi mafungu, anataga yai moja hapa moja pale, dogo kama punje ya ulezi, kwenye jani changa, kwa hiyo mche mmoja unamkuta kiwavi mmoja au wawili na mtu akipita na ndoo asubuhi anawatoa wote kwa mkono. Mndimu wa Baba mkubwa ule, hata wakila hauoni. Na sasa hivi umetoa maua nyuki wamejaa, ukipuliza dawa umeua na nyuki

Baba Hamza 08:33
Na huyo mtu wa kupita na ndoo ni nani?

Da Zaina 08:34
Ndo maana nimeandika humu

Da Zaina 09:50
Kimya

Mwanaisha Ujerumani 11:05
Shikamooni wote. Shangazi mimi kiangazi kilichopita nilimkuta huyu kwenye karoti zangu za kibarazani
[picha]
Jirani yangu mzee mmoja akaniambia anaitwa Schwalbenschwanz, yaani mkia wa mbayuwayu. Ni huyohuyo wa kwetu?

Hamza 11:09
Da Mwanaisha huyo mzuri mnooo, ila wa kwetu hana mikia

Da Zaina 11:12
Basi sio huyo. Au mikia imekatika?

Baba Salum 11:14
Labda kanyimwa viza akaacha mikia uwanja wa ndege

Mama Tatu 13:15
Waalaykum salaam

Mjomba Kassim 13:40
Nimeona sasa hivi, nilikuwa shamba. Hao ni ndugu ila sio mmoja. Wa Mwanaisha ni Papilio machaon, kiwavi wake anakula karoti, shamari, bizari, majani ya ukoo huo. Wetu kwa hizo picha naona Papilio demodocus, huyu chakula chake ndimu, limau, chungwa. Ukoo wao wanauita wa mikia ya mbayuwayu lakini huyu wetu mikia hana kabisa, ndo alivyoumbwa

Mjomba Kassim 13:46
Ila msiamue kwa mkia peke yake. Kuna kipepeo mwingine, Papilio dardanus, naye kiwavi wake anakubali majani ya ndimu. Dume lake lina rangi ya maziwa yenye njano na lina mikia, jike huku kwetu halina mkia na linajigeuza kufanana na vipepeo vingine vichungu ili ndege wasilile, unaweza kukuta majike mawili ukasema sio ndugu. Hamza piga picha kipepeo mzima, juu ya mabawa NA chini ya mabawa. Nenda asubuhi jua likianza kutoka, anakuwa ametandaza mabawa anaota jua hajapata nguvu ya kuruka. Kivuli chako kisimguse. Usivute zumu, sogea wewe polepole. Kule Amani tulipokuwa tunafuga vipepeo wa kuuza nje ndivyo tulivyokuwa tunafanya

Baba Hamza 13:52
Vipepeo vya Amani tunavikumbuka kaka. Na hela ya bati za jiko la Mama iliyokwenda kununua neti tunaikumbuka pia

Mwanaisha Ujerumani 13:53
😬

Mjomba Kassim 14:20
Mwaka 2016 biashara ya kupeleka wanyama hai nje ilifungwa nchi nzima. Mimi ndo niliifunga? Nilikuwa na pupa (vile vifuko ambamo kiwavi anageuka kipepeo) tayari kwenye banda, hakuna wa kuzichukua, zikaanguliwa zote ndani ya wiki moja nikafungua neti mwenyewe wakatoka mbele ya macho yangu. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi

Baba Hamza 14:22
Ujumbe huu umefutwa

Da Zaina 14:23
Nimeusoma kabla hujafuta. Astaghfirullah. Tuko kwenye viwavi

Baba Salum 14:25
Kwa hiyo Jumamosi pilau lipo au halipo

IJUMAA

Hamza 07:48
Shangazi, mjomba, NIMEMPATA. Usiku kulinyesha, wako wanne pale kwenye tope la bombani wanakunywa maji. Nimelala kifudifudi shati lote tope mama ataniua. Nimepiga picha 46 zinazoonekana vizuri ni tatu
[picha]
[picha]
[picha]

Da Zaina 07:50
Maashallah maashallah

Hamza 07:55
Mweusi na madoa ya njano, kuna mstari mpana wa njano unapita katikati. Huku kwenye bawa la nyuma kwa chini karibu na tumbo ana kama jicho, jekundu na juu yake buluu. Mikia hana hata alama. Wale wa kwenye maua walinishinda, hata wakinyonya mabawa yanapapatika tu picha zote ukungu

Mjomba Kassim 08:02
Demodocus. Picha ya tatu safi sana mwanangu, ya chini ya bawa ndo wengi wanaisahau. Hao bombani mara nyingi ni madume, wanafuata chumvichumvi ya tope

Mwanaisha Ujerumani 08:10
Nimeipakia iNaturalist, ile programu ya kutambua viumbe kwa picha, nayo imesema hivyohivyo. Hamza picha yako nimeiweka kwenye simu yangu mbele

Baba Hamza 08:31
Haya jina tumelijua. Miche je?

Hamza 09:02
[sauti 1:12]
Hiyo ni bibi

Hamza 09:10
Wasio na bando bibi anasema: "Zaina nimekusikia. Mndimu ule baba yenu kaupanda mwaka niliomzaa Kassim, nyote nimewaogesha na majani yake mkiwa na homa. Dawa isiuguse maadamu mimi napumua. Miche ni riziki ya mtu, baba yake Hamza aanze kwa mkono, akishindwa atajua mwenyewe. Na yale ya Amani msiyaseme kwenye simu watoto wanasoma. Njooni myaseme hapa mkekani nikiwa nimekaa."

Da Zaina 09:51
Tumesikia Mama

Baba Hamza 10:05
Sawa Mama. Mndimu siugusi

Mwanaisha Ujerumani 10:06
🙏🏾

Da Zaina 10:12
Basi nipange. Kesho saa moja kamili asubuhi kitaluni, kila mtu mstari wake, viwavi kwenye ndoo na majani ya ndimu ndani wasife njaa, halafu tunawapandisha kwenye mndimu wa Baba. Waliokwisha kugeuka pupa, wamejifunga na uzi kiunoni, msiwabandue, kateni kijiti chote. Mimi natoka Tanga na gari la kwanza. Nani na nani?

Hamza 10:13
Mimi

Da Zaina 11:40
Mmoja

Baba Salum 12:30
Mimi nina msiba Pongwe, nikiwahi kutoka nitapita. Kweli nitapita

Baba Hamza 12:44
Miche 140 watu watatu. Tutajaribu. Lakini bomba la dawa silirudishi mpaka Jumapili, dada usinune

Da Zaina 12:45
Kassim unakuja?

Da Zaina 15:10
Kassim

Da Zaina 18:22
Kassim nimeona umesoma. Mama kauliza kama unakuja, kasema akuwekee uji

Mama Tatu 20:37
Hivi ile ndoo ya kijani iko kwa nani?