Mjadala: Albamu bora ya Dolly Parton ni ipi? (Mikusanyo ya vibao marufuku)

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jumamosi tumetoka harusini Nakuru, na kuanzia Gilgil matatu nzima ikawa inaimba Jolene ya Dolly Parton, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani. Dereva, makanga, bibi mmoja mwenye kuku mapajani, wote maneno wanayo kichwani. Nikauliza: wimbo huu umo kwenye albamu gani? Kijana wa nyuma akajibu bila kusita: "Greatest Hits," yaani mkusanyo wa vibao. Hakuna aliyebisha.

Basi hapo ndipo tulipo. Kantri tunaipenda, kwa wazee wa Bonde la Ufa na kwenye vilabu vya mugithi, zile nyimbo za gitaa za Wakikuyu, pia, lakini tunajua nyimbo tu, albamu hatuzijui. Leo sheria ni moja: mkusanyo hauingii. Taja albamu ambayo Dolly aliingia studio akaitengeneza kama albamu, kisha uitetee.

Naanza. My Tennessee Mountain Home, 1973. Jaladani ni kile kibanda cha mbao alichoishi utotoni huko Sevier County, Tennessee, katika familia ya watoto 12. Santuri haifunguki kwa wimbo, inafunguka kwa barua. Dolly anasoma barua ya kwanza aliyowaandikia wazazi alipohamia Nashville mwaka 1964, mara tu baada ya kumaliza sekondari. Ni barua ya mtoto aliyezidiwa na upweke mjini. Halafu ndiyo nyimbo zinaanza kurudi kijijini: viatu vya kazi vya baba, siku za dhiki, daktari Robert F. Thomas aliyemzalisha mama yake. Daktari huyo alilipwa unga wa mahindi. Niambieni hapo kuna ugeni gani. Mwisho kabisa binti yuko Music Row, mtaa wa studio za Nashville, anabisha milango.

Jolene haimo. I Will Always Love You haimo. Na ukiisikiliza mfululizo huzikumbuki. Nawasilisha.

Wa Njoro

Umeanza vizuri ukaishia pabaya. Ni Coat of Many Colors, 1971, na mimi kama mwalimu mstaafu nimewachezea wanafunzi wimbo huo zaidi ya mara moja. Mama anaunga vitambaa chakavu, anamshonea binti koti, na huku anashona anamsimulia habari za Yusufu. Binti anakwenda shule kifua mbele, wenzake wanamcheka. Aliuandika ndani ya basi la safari za muziki, nyuma ya risiti ya dobi ya suti za Porter Wagoner, mwimbaji aliyekuwa bosi wake, kwa sababu karatasi nyingine haikuwapo.

Kuna jambo lilinisumbua kwa miaka. Biblia yetu ya Union inasema Yakobo alimfanyia Yusufu "kanzu ndefu". Rangi hazitajwi. Watoto wakaniuliza, mwalimu, sasa rangi zimetoka wapi? Ikabidi niwaeleze kwamba Biblia ya Kiingereza aliyolelewa nayo Dolly inasema rangi nyingi. Tukamaliza kipindi kizima hapo.

Nyimbo 10, hazifiki nusu saa, na huruki hata mmoja.

Mleta mada

Mwalimu, heshima zako, lakini kati ya hizo 10, 3 ni utunzi wa Porter Wagoner. Hizo nazo huruki?

Wa Njoro

Hizo naruka. Zinabaki 7 na bado nakushinda.

Wa Arusha

Mnazunguka mbuyu. Albamu ya Jolene, 1974. Upande wa kwanza unafunguliwa na Jolene, upande wa pili unafunguliwa na I Will Always Love You. Nani mwingine amewahi kuwa na milango miwili ya namna hiyo katika santuri moja?

Huu wa pili, samahanini mnaoupiga wakati wa kukata keki, ni wimbo wa kuaga. Alikuwa anamwacha Porter Wagoner ili asimame peke yake, maneno ya kawaida yakagonga mwamba, akaenda ofisini kwake akamwimbia. Baadaye Elvis Presley akautaka. Meneja wake, Colonel Tom Parker, akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly akakataa, na mwenyewe amesimulia jinsi alivyolia. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, na pesa za utunzi zikaenda kwa mwenye mali. Kwa hiyo ninapoichagua Jolene naichagua pamoja na ile jeuri.

Wa Dar

Sasa mimi nasema mnachokificha: Here You Come Again, 1977. Ndiyo albamu yake ya kwanza kuuza nakala milioni, na bila hiyo wengi wenu msingemjua. Mnajifanya watu wa milimani, lakini kwenye sherehe mnacheza hii.

Mleta mada

Mkuu, wimbo unaobeba jina la albamu hiyo hakuutunga hata yeye, ni wa Barry Mann na Cynthia Weil. Mwenyewe aliona ni pop mno, akamwomba prodyuza aongeze lile gitaa la kulaza, linalopigwa kwa kipande cha chuma na kulia kama mtu, ili watu wasije wakasema si kantri. Sasa mtu anayetafuta shahidi kabla hajashtakiwa, wewe unamwonaje?

Wa Dar

Namwona mwerevu. Dunia nzima ilinunua.

Wa Minnesota

Shikamooni wakubwa. Mimi niko zamu ya usiku kiwandani, nachangia wakati wa mapumziko. Hakuna aliyetaja 9 to 5 and Odd Jobs, 1980? Wimbo ule wa kwanza mnaujua, wa filamu, aliosugua kucha zake za bandia hadi zikatoa mlio wa taipureta. Lakini endeleeni mbele. Karibu albamu nzima ni ya wafanyakazi: mgodi wa makaa, mtu aliyekwenda Detroit kutafuta kazi na anatamani kurudi kwao. Halafu Deportee, wa Woody Guthrie, kuhusu ndege iliyoanguka kwenye korongo la Los Gatos, California, mwaka 1948, ikiwa na vibarua kutoka Mexico waliokuwa wanarudishwa makwao. Taarifa za habari ziliwaita wahamishwa tu, majina hazikutaja.

Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa nimevaa beji yenye namba. Ndiyo sababu yangu, sina nyingine.

Wa Molo

Mleta mada, mwanangu, sheria yako imetutoa nje sisi wenye nywele nyeupe. Albamu tungezitoa wapi? Marehemu mume wangu alikuwa na kanda moja, iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, Dolly upande mmoja, Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa kantri, upande wa pili. Nani alipanga nyimbo sijui. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa albamu, na mpangilio wake ndio mpangilio. Jolene ikiisha, Coat of Many Colors inaingia, katikati mkanda unakwaruza kidogo. Mjukuu wangu alinitafutia Jolene yenyewe kwenye simu juzi. Wimbo wa kwanza ukaisha, ukaingia When Someone Wants to Leave. Nikamwambia wamekosea.

Unasema albamu ni kitu kilichopangwa. Ile kanda nayo ilipangwa.

Mleta mada

Mama, hapo umenishika pabaya. Sheria naiacha kwa wengine, kwako naiondoa: kanda ya Molo imeingia, kura moja. Jim Reeves tu ndiye atabaki nje.

Wa Minnesota, Deportee nimeirudia mara tatu, na sasa sina uhakika na kura yangu kama asubuhi. Wa Dar, kwako msimamo haujabadilika.

Bado hajaja wa kutetea The Grass Is Blue, 1999, ile ya blugrasi, kantri ya banjo na fidla, aliyoipiga akiwa na miaka 53 na ikampa tuzo ya Grammy. Mpiga banjo yeyote aliyemo humu, uwanja ni wako.