Kombi imegoma kuwaka, pampu mpya, kabureta imesafishwa, sasa fundi anataka kushusha injini

mjukuu_wa_kombi
Wakuu habari za jumapili. Naomba msaada na tafadhali msiniambie niuze chuma chakavu, hiyo nimeshaambiwa sana hapa nyumbani. Nina Kombi (Volkswagen) ya marehemu babu, ile ya kioo kimoja kikubwa mbele, injini 1600 ya kupoozwa na upepo, kabureta moja ya Solex, bado ina dainamo ya zamani ya kuchajia betri, haijawekwa oltaneta. Imekaa uani huku Nkuhungu toka mwezi wa kumi na moja haijawashwa, nimekuja kuishtua juzi juzi kwa sababu sendofu ya dada inakaribia na nilishaahidi kubeba wageni kutoka Mpwapwa (kiherehere changu). Betri mpya, stata inapiga vizuri tu ila haishiki, hata kukohoa haikohoi. Fundi akasema pampu ya mafuta imekufa, nikanunua, akafunga, hamna kitu. Akarudi akasema kabureta chafu, akafungua akasafisha jeti akapuliza, hamna kitu. Leo anasema tushushe injini. Hapo ndo nimesema ngoja kwanza niulize maana hela inaondoka tu.

spana_kumi_na_tatu
Mkuu kwanza nani kakwambia ni mafuta? Usikasirike, nauliza tu, maana hapo wamebadilisha vitu viwili bila kupima hata kimoja. Toa ea-klina, chukua petroli safi kama kizibo kimoja cha soda, mimina kwenye koo la kabureta, FUNGA kidumu kipeleke mbali, afu mwambie mtu apige stata. Ikishika sekunde mbili tatu ikazima basi moto wa plagi upo na shida ni petroli haifiki. Isiposhika kabisa achana na mafuta kaangalie platini na koili, ndo vinavyotengeneza moto wa plagi. Na uso wako usiuweke juu ya kabureta wakati mwenzio anapiga stata, inaweza kurudisha moto, mimi nyusi zangu za kushoto zimeota upya mara mbili.

kijana_wa_area_c
Hiyo itakuwa ile swichi ndogo ya umeme pembeni ya kabureta, ya kukata mafuta. Ikifa gari haiwaki. Kama sio hiyo basi joto la Dodoma, petroli inageuka mvuke kwenye bomba.

spana_kumi_na_tatu
Hapana kaka. Ile swichi inafunga njia ya silensa peke yake, yaani mafuta ya injini ikiunguruma taratibu bila kukanyaga. Ikifa gari inawaka ukikanyaga mafuta, ukiachia inazima, sasa hii yake haiwaki kabisa. Kuipima ni rahisi, fungua swichi ya gari bila kupiga stata, chomoa ule waya rudisha, unasikia "tk". Na mvuke unatokea injini ikiwa ya moto, umetoka kupanda mlima saa nane mchana ukasimama. Yeye anapiga stata asubuhi gari haijawaka miezi na baridi hili la mwezi wa saba mpaka unavaa koti, mvuke utoke wapi?

mjukuu_wa_kombi
Nimefanya jioni hii. Imeshika wakuu!! Ikaunguruma kama sekunde tatu, mbwa wa jirani wote wakaamka, ikazima. Nimerudia imeshika tena ikazima. Kwa hiyo ni mafuta kweli. Sasa?

mzee_wa_barabara_ya_kondoa
Mbukwenyi wanangu. Nimeendesha hizo gari tangu barabara ya Kondoa haijawa lami, nikazitengeneza mwenyewe porini kwa sababu hapakuwa na mwingine. Kijana, ukiona bomba la jikoni halitoi maji huanzi kwa kununua koki mpya, unatoka nje unaangalia kama tanki lina maji, kama mita imefunguliwa, unafuata mpaka ujue yameishia wapi. Petroli ni hivyo hivyo. Kwenye Kombi njia ni fupi, tanki liko nyuma juu ya gia boksi, linatoa kwa chini, mpira unapita ukuta wa bati unaingia chumba cha injini, pampu, kabureta, basi. Anzia kwenye kabureta urudi nyuma.

Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, ingiza ncha yake kwenye chupa, chomoa waya wa katikati wa koili ugusishe kwenye bodi ili pasiruke cheche, afu piga stata sekunde kumi. Pampu nzima inatema kwa mapigo, pwi, pwi, pwi. Ikitema vizuri basi shida iko ndani ya kabureta, mara nyingi sindano ya boya, inayofungua na kufunga petroli kuingia, imeganda kwa gundi ya petroli iliyokauka. Isipotema, nenda upande wa pili wa pampu, chomoa mpira unaotoka tanki uelekeze kwenye kidumu chini. Kwa sababu tanki liko juu, likiwa na mafuta ya kutosha yanatakiwa yateremke yenyewe bila kunyonywa. Na usinyonye kwa mdomo, nimemzika mwenzangu wa kazi ambaye petroli ilimwingia mapafuni, sisemi zaidi ya hapo. Fanyia nje, sigara mbali, ndoo ya mchanga karibu. Injini hiyo blok yake ina magnesium, ikishika moto maji hayasaidii, yanachochea.

mjukuu_wa_kombi
Shikamoo mzee. Asante sana. Majibu haya hapa: mpira wa kabureta kwenye chupa, pakavu, hata tone. Mpira wa tanki umetoa kidogo kama chai ya kwenye kikombe, rangi ya chai kweli, ukapungua ukaacha. Tanki nimeweka lita 15 juzi. Nikafungua mfuniko wa tanki nikidhani labda halipumui, hakuna kilichobadilika.

mzee_wa_barabara_ya_kondoa
Marahaba. Hapo umefanya vizuri kufungua mfuniko, wengi wanasahau. Basi chujio la mdomo wa tanki limeziba kutu. Tanki lililoachwa nusu miezi nane linatoa jasho ndani juu ya mafuta, linaota kutu, ukilijaza tena kutu yote inashuka. Kwa leo chukua pampu ya baiskeli, siyo kompresa ya fundi pancha tafadhali, mfuniko wa tanki ukiwa wazi, pulizia upepo kwa kurudisha ndani taratibu mpaka usikie yanachemka kwenye tanki. Afu achia yatoke yote kwenye kidumu, hiyo petroli usiirudishe. Hii ni dawa ya muda, kutu itarudi hapo mdomoni. Dawa yenyewe ni kulitoa tanki na kuliosha, na kwenye Kombi halitoki mpaka injini ishuke, kwa hiyo fundi wako hakukosea sana, alikosea kutokukwambia kwa nini.

kijana_wa_area_c
Kwani asifunge pampu ya umeme tu ya Toyota IST, zipo nyingi na bei rahisi

spana_kumi_na_tatu
Usimchomee mwenzio gari. Pampu ya gari la injekta inasukuma kama bar 3, hiyo Solex inataka robo bar hivi. Boya haliwezi kuzuia hiyo nguvu, petroli inafurika inamwagikia distributa, inayogawa cheche za plagi. Harusi itageuka msiba.

mjukuu_wa_kombi
Wakuu nimerudi. Upepo wa baiskeli umefanya kazi, yametoka matope ya kutu kama kijiko cha chakula afu petroli ikateremka vizuri nene kabisa. Nikafurahi nikarudisha mpira kwenye pampu, nikapiga stata, chupa bado kavu!!! Yaani sasa naelewa kwa nini babu alikuwa anaongea nayo peke yake.

spana_kumi_na_tatu
Haha pole. Sasa ndo nakuja kwenye pampu mpya. Hiyo pampu haizunguki kwa umeme, inasukumwa na kirodi kinachotoka kwenye kamshafti, ile shafti ya ndani ya injini inayosukuma vali. Virodi viko vya aina mbili, cha injini ya dainamo kina milimita 108, cha oltaneta 100, na pampu zake tofauti. Fungua nati mbili za namba 13, toa pampu, vuta kirodi upime na rula. Kile kipande cha plastiki chini ya pampu ukikitoa shika kirodi kisidumbukie ndani ya injini. Ukirudisha, zungusha injini kwa mkono, kirodi kikiwa juu kabisa kitokeze kama milimita 13 juu ya gasketi.

mjukuu_wa_kombi
100. Nimepima mara tatu. Nimempigia fundi anasema kwenye boksi la pampu kulikuwa na "kirodi kipya" akaona aweke vyote vipya. Cha zamani alikiacha kwenye droo ya gari pamoja na rozari ya bibi, nimekirudisha, 108 kamili. Chupa imejaa robo kwa sekunde kumi. Nimeunganisha kabureta, stata ya tatu IMEWAKA, moshi kidogo mwanzo, sasa inakaa silensa japo inatetemeka.

mzee_wa_barabara_ya_kondoa
Alhamdulillahi. Mtetemo utaisha ukirekebisha vali na platini. Ila kabla ya Mpwapwa badilisha mipira YOTE ya petroli, uweke ya petroli kweli na klipu, siyo ule mpira mweupe wa kupimia maji wa mafundi ujenzi, ukipata joto unalainika unachomoka. Na lile bomba dogo la shaba linaloingia kwenye kabureta, lishike ulitikise. Likicheza usiondoke, likichomoka petroli inamwagikia injini ya moto.

mjukuu_wa_kombi
Mzee... linacheza.

mzee_wa_barabara_ya_kondoa
Zima gari. Kesho asubuhi nipigie picha nilione.