Najitolea kikundini, natamani mikutano na mipango ya vijana ya kimataifa: nianzie wapi?

Chipukizi22

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina miaka 22, najitolea kwenye kikundi cha vijana kinachofundisha usafi wa maji na utunzaji wa mazingira mashuleni. Tangu nijue kwamba vijana wa rika langu huketi meza moja na wajumbe wa mataifa mengine, wakasema na wakasikilizwa, hamu imenijaa kweli. Nataka kuona wenzetu wanavyoongoza vikundi vyao na nirudi na kitu cha kuwafaa wenzangu.

Shida ni matangazo. Moja linasema ufadhili kamili, jingine ufadhili nusu, jingine unajilipia. Pasipoti sina bado. Naomba kujua nianze na nini, ombi linalopita huandikwaje, na tangazo la kitapeli hutambulikaje. Nimepokea pia barua kwamba nimechaguliwa kwenye kongamano fulani, na wanataka nilipe ada ya kushikilia nafasi ndani ya saa 48.

Dira

Karibu mdogo wangu, na hongera kwa kazi mnayofanya.

Anza na pasipoti kabla hujajaza fomu hata moja. Kati ya barua ya kuchaguliwa na siku ya safari mara nyingi kuna wiki chache tu, na muda huo wote unahitajika kwa viza. Anayeanza kutafuta pasipoti baada ya kuchaguliwa huishia kumwachia nafasi wa akiba. Hakikisha majina, mpangilio wake na tarehe ya kuzaliwa vinafanana herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya shule. Nchi nyingi pia hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele, kwa hiyo ukiipata usiiache hadi ibakize miezi michache.

Umri: kila mlango una kipimo chake. Takwimu za Umoja wa Mataifa humhesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 24, Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unasema 15 hadi 35. Soma pia umri unahesabiwa siku gani, maana mpango mmoja huutazama siku ya kufunga maombi na mwingine siku ya kuanza safari.

Sasa fursa zenyewe. Watu hukimbilia mikutano ya siku tatu kwa sababu picha zake ndizo zinazosambaa. Kwa umri wako mimi ningetazama kwanza huduma ya kujitolea ya miezi, kwa sababu huko ndiko unakopewa kazi, msimamizi na majukumu. Shirika la Umoja wa Mataifa la watu wa kujitolea, UNV, makao yake Bonn, lina kundi la vijana wa miaka 18 hadi 26; unafungua wasifu kwenye jukwaa lao na kuomba nafasi moja moja zinapotangazwa. Umoja wa Afrika una mpango wake wa vijana wa kujitolea ulioanzishwa 2010, kwa miaka 18 hadi 35, na muda wa kazi ni miezi 12 katika nchi nyingine ya bara hili. Ujerumani ina mpango wa kujitolea uitwao weltwärts, ulioanza 2008, kwa miaka 18 hadi 28, na hupokea pia vijana wanaokwenda Ujerumani kutoka nchi za Kusini, yaani nchi zinazoendelea. Huko huombi wizarani. Unapitia shirika la nchini kwako lenye ubia na shirika la Ujerumani, na anayeruka hatua hiyo hana pa kuombea.

Wakati pasipoti inashughulikiwa, jaribu kujitolea mtandaoni kupitia UNV. Ni kwa mwenye miaka 18 na zaidi, na kazi ni kama kutafsiri, kuchora mabango au kupanga takwimu za shirika lililo mbali. Hakuna safari, lakini unapata msimamizi wa nje anayeweza kukuandikia barua.

Kalamu_Nyekundu

Nijibu la ombi, maana ndipo wengi wanapoangukia, na si kwa sababu ya lugha.

Swali la kawaida ni hili: eleza uongozi wako kwa maneno 250 au 300. Mwombaji anajibu: "Nina shauku kubwa ya kuleta mabadiliko katika jamii yangu na naamini vijana ni nguzo ya taifa." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kujitolea siku moja, na msomaji wa maombi ameshaiona mara nyingi tangu asubuhi. Linganisha na hii: "Wanafunzi walikuwa wakinawa mikono bila sabuni kwa sababu sabuni iliibwa kila wiki. Nilipendekeza sabuni ya maji kwenye chupa iliyofungwa kwa kamba, nikawapa wanafunzi wanne zamu ya kuijaza, na muhula ulipoisha chupa tano kati ya sita zilikuwa bado zinatumika." Ya pili ina tatizo, uamuzi wa mwandishi, watu aliowaongoza na matokeo yanayohesabika. Hata ile chupa ya sita iliyopotea inasaidia, kwa sababu msomaji anaona kwamba hujapamba.

Tumia "mimi" pale ulipoamua wewe na "sisi" pale mlipofanya pamoja. Ombi lote likiwa "sisi", msomaji hajui wewe ulifanya nini. Likiwa lote "mimi", anajiuliza wenzako walikuwa wapi.

Ili uwe na vitu vya kuandika, fungua daftari la kazi leo. Kila shughuli iwe na tarehe, saa ulizotumia, kazi uliyofanya, idadi ya waliohudhuria na saini ya msimamizi. Baada ya miezi michache daftari hilo linatosha kujaza wasifu, kujibu maswali ya usaili na kumpa anayekuandikia barua ya mapendekezo kitu cha kusimamia. Huyo naye mwombe wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, na umpe tangazo, wasifu wako na mambo matatu ambayo ungependa ayataje. Ukimwomba siku mbili kabla, atakuandikia kwamba wewe ni kijana mwenye bidii na adabu, basi.

Usitume jibu moja kwenye mipango mitano. Swali la mwisho huwa "ukirudi utafanya nini", na jibu lake hubadilika kulingana na mpango. Andika jambo dogo lenye tarehe na watu: mafunzo ya jioni mbili kwa viongozi kumi wa kikundi, mwezi mmoja baada ya kurudi. Ahadi ya kubadilisha taifa zima haimshawishi mtu. Na kama umetumia programu ya kompyuta kukuandikia, msomaji ataona majibu thelathini yenye mdundo uleule. Andika mwenyewe kwanza, kisha mpe mtu anayeijua lugha arekebishe makosa.

Chujio

Chipukizi, hiyo barua ya saa 48 iache. Usilipe, na usitume picha ya pasipoti wala kitambulisho.

Sababu ni hizi. Kuchaguliwa bila ushindani wa kweli, haraka ya kulipa, na malipo kwenda kwenye akaunti au namba ya mtu binafsi: vitatu hivyo vikikutana, ondoka. Kwa mengine, chunguza hivi. Barua pepe itoke kwenye anwani ya tovuti ya shirika lenyewe, si anwani ya bure. Angalia tovuti ilisajiliwa lini. Kongamano linalodai limefanyika miaka minane na tovuti yake ina miezi mitatu halina maelezo mazuri. Tafuta washiriki wa mwaka uliopita na uwaandikie wawili watatu wewe mwenyewe, si wale ambao waandaaji wamekuchagulia. Wakidai wana ubia na Umoja wa Mataifa, nenda kwenye tovuti ya hilo shirika la Umoja wa Mataifa uone kama nalo linawataja. Nembo mtu yeyote anaweza kuibandika.

Lakini si kila ada ni utapeli. One Young World, mkutano wa kimataifa wa viongozi vijana uliofanyika mara ya kwanza London 2010, una ada ya ushiriki, na wengi hulipiwa na mwajiri au shirika lao, au huenda kwa ufadhili unaoshindaniwa. Kuna pia makongamano ambayo ni halali kisheria lakini ni biashara ya utalii: ukumbi wa hoteli, hotuba mbili, cheti na ziara ya mji. Hakuna aliyekuibia, ila kama unakopa ili uende, fedha hiyo ingefanya mengi zaidi kikundini kwenu.

Na neno "ufadhili kamili" lisome hadi chini. Uliza kwa maandishi nani analipa nauli, ada ya viza, bima, usafiri wa kwenda ubalozini na chakula cha siku ya kusafiri. Mipango mingi hurudisha nauli baada ya safari, tena kwa kiwango cha juu kilichowekwa, na hutaka vipande vya kuingilia ndegeni kama ushahidi. Ukivitupa, hudai kitu. Waandikie mapema kama huwezi kutanguliza nauli. Wengine hununua tiketi wenyewe wakiombwa, na hawaombwi kwa sababu watu huona haya.

Chipukizi22

Asanteni sana, nimefuta ile barua na daftari nimeanza jana. Kinachonitia hofu sasa ni viza. Nasikia vijana ambao hawajaajiriwa na hawajawahi kusafiri hunyimwa hata wakiwa na mwaliko halali. Kuna namna ya kujiandaa?

Muhuri

Ipo. Afisa wa viza anataka kujua mambo matatu: unakwenda kufanya nini, nani analipa, na nini kitakurudisha nyumbani. Mwaliko hujibu mawili ya kwanza, la tatu ni lako.

Mwaliko mzuri una jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe za kufika na kuondoka, anwani ya malazi, gharama zinazolipwa na mwenyeji, na saini ya mtu anayepatikana kwa simu. Ukikosa kimojawapo, rudisha barua waandike upya. Waandaaji wamezoea.

La tatu, kijana asiye na ajira analijibu kwa barua ya chuo inayoonyesha muhula unaanza lini, barua ya kikundi inayoeleza jukumu lako na tarehe unayotarajiwa kurudi kazini, na cheti cha usajili wa kikundi. Usiweke akaunti ya benki iliyojazwa fedha wiki iliyopita. Fedha ya ghafla isiyo na maelezo huzua shaka kuliko akaunti ndogo yenye mwenendo wa kawaida, hasa kama mwenyeji amesema analipa.

Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, muda uko wazi: ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila unaweza kufika 45, kwa hiyo panga kwa kutumia 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na idumu angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Na jambo ambalo vijana wengi hawalijui: mwakilishi wa shirika lisilo la faida mwenye miaka 25 au chini, anayekwenda kwenye semina au kongamano lililoandaliwa na shirika lisilo la faida, hatozwi ada ya viza ya muda mfupi. Wewe una 22, kwa hiyo barua ya kikundi iseme wazi kwamba unakiwakilisha.

Usinunue tiketi isiyorudishika kabla ya viza. Nafasi iliyoshikiliwa inatosha kwa ombi. Kama ndege inabadilishwa nchi ya tatu, angalia kama unahitaji viza ya kupita uwanjani. Na kama safari ni ya kujitolea, usiende kwa viza ya utalii. Katika nchi nyingi kujitolea huhesabiwa kuwa kazi hata bila malipo, na mtu hurudishwa kutoka uwanjani kwa kusema ukweli kwamba amekuja kusaidia shuleni.

Chanjo ya homa ya manjano, kwa nchi zinazoidai, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa. Ukishaipata, cheti ni cha maisha tangu kanuni ilipobadilishwa Julai 2016.

Kijani_Kibichi

Naunga mkono Dira kuhusu huduma ya miezi, ila nitetee mikutano kidogo, hasa kwa mtu wa mazingira kama Chipukizi. Kwenye mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa vijana wana kundi linalotambuliwa rasmi, YOUNGO, lenye timu za kazi zinazokutana mtandaoni mwaka mzima. Unaweza kuingia kwenye timu, ukachangia rasimu ya msimamo wa vijana, na ukawa mtu anayejulikana kabla hujapanda ndege. Kabla ya mkutano mkuu hufanyika kongamano la vijana, COY, na kuna matoleo yake ya ndani ya nchi ambayo huhitaji viza kuyahudhuria.

Tahadhari moja. Beji ya kuingia ukumbi wa mazungumzo hutolewa kupitia mashirika yenye hadhi ya mwangalizi, yaani yanayoruhusiwa kuhudhuria bila kuwa sehemu ya mazungumzo ya nchi, na beji hiyo haina nauli wala kitanda. Watu hushangilia beji, kisha hugundua kwamba malazi ya mji mwenyeji yamepanda wiki hizo. Beji na fedha vitafutwe sambamba, kwa maombi mawili tofauti.

Muhuri

Nyongeza kwa siku yenyewe ya safari: chapisha mwaliko, anwani ya malazi, bima na tiketi ya kurudi, uvibebe kwenye mkoba wa mkononi. Afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza unalala wapi wakati simu haina chaji wala intaneti. Nakala nyingine mwachie mtu wa nyumbani pamoja na namba ya mwenyeji. Pasipoti ikishagongwa inabaki kwako. Mwenyeji akihitaji kumbukumbu, mpe nakala.

Chipukizi22

Nimeelewa. Kesho nakwenda kuulizia pasipoti, na cheti changu cha kuzaliwa kina jina la kati ambalo kitambulisho hakina. Kipi kirekebishwe kwanza?

Dira

Fuata cheti cha kuzaliwa, ndicho hati mama. Rekebisha kitambulisho kilingane nacho, kisha ndipo uombe pasipoti. Kama vyeti vya shule navyo havina jina hilo na haviwezi kubadilishwa, tengeneza kiapo cha majina kwa wakili sasa hivi na uweke nakala kadhaa. Utadaiwa kiapo hicho ubalozini na chuoni pia.