Naomba ushauri: breki ya nyuma ya pikipiki haishiki
Ndugu zangu, pikipiki yangu ya cc 125, ambayo nyuma ina breki ya ngoma, haishiki ipasavyo kwa wiki ya pili sasa. Nilianza kwa kukaza nati iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki hadi pedali ikawa inashuka kama milimita 25 kabla ya kushika, lakini hali haikubadilika, ndipo nikafungua gurudumu na kukuta breki shuu (vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani ili gurudumu lisimame) zimeng'aa kama kioo ingawa unene wake bado unatosha. Nilizisugua kwa msasa, nikafuta ngoma kwa kitambaa kibichi (sikupuliza, kwa kuwa vumbi lile lina madhara kwa mapafu), nikafunga tena. Ikashika siku mbili tu. Sasa naona alama ya mafuta ndani ya ngoma, upande wa beringi. Je, ni grisi inayovuja kwa sababu ya sili (mpira unaozuia grisi isitoke) iliyochoka? Shuu zilizolowa mafuta husafishika kweli, au ninunue mpya pamoja na sili? Pikipiki hii huwapeleka watoto wangu shule kwenye mteremko mkali, hivyo nimeiegesha mpaka nipate jibu la uhakika.