Naombeni ushauri: TV ya mtandaoni ina watazamaji ila hela haionekani

Mzee_wa_Kamera (mwenye uzi)
Habari za jioni wakuu. Mie nipo Mwanza, nina chaneli ya habari za mtaani YouTube, huu mwaka wa tatu, leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ninayo, wafuasi 41,000 na ushee. Tupo watatu: mie, binti anayesoma habari na dogo wa kuhariri ambaye kompyuta ni ya kwake, sasa hapo mnajua wenyewe bosi nani. Shida hela. Jana asubuhi kabla hata ya chai nimefungua AdSense, ile akaunti ya Google ya hela za matangazo, nakuta dola 63, na kama mnavyojua haitoki mpaka ifike 100, kwa hiyo mwezi huu tena nasubiri wakati kodi ya chumba cha studio laki na nusu haimsubiri mtu. Kuna video yetu ya mtumbwi uliozama ilitazamwa mara laki 2 na kitu nikajua tayari tumetoboa, kumbe imeleta hela ya bando na wese la pikipiki basi.

Matangazo ya mtaani nayo nimejaribu. Kuna mwenye ukumbi mmoja tulimrushia tangazo siku 14, kumdai akaanza "njoo Ijumaa", Ijumaa zimepita mpaka nimeacha kuhesabu, siku hizi hata salamu haitikii. Wenzangu mnaishije? Naomba majibu kabla sijarudi kwenye picha za pasipoti.

Kijiwe_Nongwa
Uza kamera nunua bodaboda, hesabu ya kila siku unaiona kwa macho 😂

Bwana_Hesabu
Mkuu, YouTube kwenye video ndefu wanakuachia asilimia 55, lakini 55 ya nini? Ya kile alicholipa mtangazaji, na mtangazaji anamlipia mtu wa Nyamagana hela kiduchu kuliko anayomlipia mtu wa London. Ndo maana laki 2 yako imekuwa wese. Angalia na urefu, kama video zako zote ni dakika 4 au 5 tangazo la katikati haliingii, mpaka ifike dakika 8. Halafu swali, ile fomu ya kodi ya Marekani ulijaza? Wengi wanairuka. Usipojaza wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima, ukijaza wanagusa ya watazamaji wa Marekani tu.

Ila hata ukirekebisha hayo yote usitegemee kulipa mishahara ya watu watatu, hiyo iwe hela ya juu.

Mzee_wa_Kamera
Fomu??? Ngoja nikaangalie sasa hivi.

Msee_wa_Nai
Huku Kenya Nation walianza kulipisha wasomaji mtandaoni 2021, na kelele zilikuwa mob sana. New York Times wako na hiyo mambo tangu 2011 lakini hao si habari peke yake, watu wanalipia mapishi na michezo ya maneno, hata Wordle waliinunua 2022. Wewe na habari ya mtumbwi, nikikuambia ulipe shilingi si nitaipata bure WhatsApp dakika kumi baadaye? Kulipisha ni ya mtu ako na kitu hakuna mwingine anayo. Kama unaeza kuwa na bei za samaki na mahindi kila asubuhi, za ukweli, wafanyabiashara wanaeza kulipa.

Mama_Vitenge
Ngoja niseme mie mwenye duka maana nyie mnaongea kama sisi hatupo. Vijana wa TV za mtandaoni wanakuja dukani kwangu Makoroboi kila wiki, wa kwanza "mama tuna wafuasi elfu 40", wa pili "mama tuna elfu 60". Sasa hao elfu 60 wananunua kitenge? Mmoja tu ndo alinipata. Dada mtangazaji alikuja kavaa gauni ameshonesha kwa kitenge changu, akasimama mlangoni, akataja bei ya doti na namba ya duka, dakika moja na nusu imeisha. Simu ziliita mpaka jioni, wengine Geita huko. Nilimlipa nusu kabla na nusu siku ya pili, na aliniandikia karatasi tukasaini wote. We mwenye ukumbi ulimrushia siku 14 bila kushika hata senti, hapo kosa si lake peke yake baba.

Bwana_Hesabu
Mama kamaliza. Naongeza tu, ukitaka kampuni kubwa uwe na TIN (namba ya mlipakodi) na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, la sivyo mhasibu wao hakupokei. Na tangazo liandikwe TANGAZO, usilipitishe kama habari. Bahasha ya diwani leo tamu, kesho ana kesi ya kiwanja utairusha vipi?

Shemeji_Muscat
Mie nipo Oman. Mwaka jana tulifiwa na mama mdogo Tabora, nauli hatuna na ruhusa kazini hakuna. Tukachanga kwenye grupu la familia tukampa kijana laki na nusu aturushie laivu. Aliweka simu kwenye stendi, kimaiki kifuani kwa shekhe, dua tuliisikia neno kwa neno, tulikuwa watu wa Muscat, Dubai na Leicester tunalia pamoja. Linki alitupa ya siri, si kwenye chaneli yake. Hapo mwenye uzi una vifaa vyote unasubiri dola 100?

Mzee_wa_Kamera
Shemeji umenigusa. Harusi nishawahi ila msiba sijawahi, kiukweli naona aibu, mtu analia we unamtajia bei?

Shemeji_Muscat
Mfiwa usimguse kabisa. Mtafute anayeshika daftari la rambirambi, yeye ndo anajua kuna shilingi ngapi, na mara nyingi ana namba za sisi tulio nje.